Koncheto za Piano za Kirusi Zisizosikika: Nani Huamua Kazi Ipi Idumu?

Utangulizi

Neno koncheto lina asili ya Kiitaliano. Ni utungo wa muziki ambamo mpiga ala mmoja hupokezana na okestra nzima, mithili ya washairi wa ngonjera wanaojibizana mbele ya hadhira. Aghalabu huwa na sehemu tatu na huchukua kama nusu saa. Warusi walitunga koncheto nyingi za piano tangu katikati ya karne ya 19, lakini msikilizaji wa leo hukutana na chache tu: ya kwanza ya Tchaikovsky, ya pili na ya tatu za Rachmaninoff, na ya tatu ya Prokofiev. Nyingi zilizobaki hupigwa kwa nadra mno. Makala haya yanaangalia nne kati ya hizo, na kuuliza swali ambalo sisi walimu wa lugha hatuna budi kujiuliza pia: je, kazi ya sanaa hupotea kwa sababu ni dhaifu?

Iliyozimika pamoja na wapigaji wake

Anton Rubinstein (1829–1894) ndiye aliyeanzisha chuo cha muziki cha St Petersburg mwaka 1862, na Tchaikovsky alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo. Rubinstein alitunga koncheto tano za piano. Ya nne, ya mwaka 1864, ilipendwa sana enzi zake, na ilikuwako miaka kumi kabla ya Tchaikovsky kuanza koncheto yake ya kwanza. Anayezisikiliza zote mbili kwa mfuatano atatambua mara moja kwamba mwanafunzi alimsikiliza mwalimu wake vizuri.

Rubinstein alipofariki, kazi hiyo ilibaki mikononi mwa wanafunzi wake. Mmoja wao, Josef Hofmann, aliipiga mjini New York mwaka 1937 alipoadhimisha miaka 50 tangu apande jukwaani Marekani kwa mara ya kwanza. Kizazi hicho kilipopita, koncheto nayo ikafifia. Noti zake hazikubadilika hata moja. Waliokosekana ni watu wa kuzipokea.

Iliyokatwakatwa

Koncheto ya pili ya Tchaikovsky ina kisa kingine. Aliimaliza mwaka 1880 na kumtunukia Nikolai Rubinstein, mdogo wake Anton, ambaye mwishoni mwa mwaka 1874 alikuwa ameikosoa vikali koncheto yake ya kwanza. Nikolai alifariki Machi 1881 kabla ya kuipiga, na onyesho la kwanza likafanyika New York mwezi Novemba mwaka huo huo.

Sehemu ya pili ya koncheto hii ni ya ajabu. Fidla moja na selo moja hujitokeza na kuimba kwa muda mrefu, huku mpiga piano akingoja zamu yake. Alexander Siloti, aliyekuwa mwanafunzi wa Tchaikovsky, aliona kazi ni ndefu mno, akapendekeza kuipunguza. Tchaikovsky aliyakataa mengi ya mapendekezo hayo. Hata hivyo, mwaka 1897, miaka minne baada ya kifo cha mtunzi, toleo la Siloti lilichapishwa, na sehemu kubwa ya mazungumzo ya fidla na selo ilikuwa imeondolewa. Kwa miongo mingi toleo hilo ndilo lililotumiwa kumbini. Wasikilizaji waliosema kwamba koncheto ya pili haifikii ya kwanza walikuwa, mara nyingi, wakihukumu kitu ambacho mtunzi hakukiandika hivyo.

Iliyosahauliwa ugenini

Nikolai Medtner aliondoka Urusi mwaka 1921, akaishi Ujerumani na Ufaransa, kisha akahamia London mwaka 1935. Alitunga koncheto tatu. Ya pili aliitunukia rafiki yake Rachmaninoff, naye Rachmaninoff akamtunukia Medtner koncheto yake ya nne. Zote mbili zilisikika hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1927. Rachmaninoff alikuwa na jina kubwa Marekani. Medtner hakuwa na jina la namna hiyo, na hakutaka kufuata mitindo mipya ya muziki iliyotamba wakati ule. Vita Kuu ya Pili ilipozuka, mapato aliyoyapata kutoka kwa wachapishaji wa Ujerumani yalikatika.

Msaada ulitoka mahali ambapo pengine hakuna aliyetarajia. Mtawala wa Mysore nchini India, Maharaja Jayachamarajendra Wadiyar, aliyekuwa mpenzi mkubwa wa piano, aligharamia kurekodiwa kwa kazi za Medtner. Mwaka 1947 mtunzi mwenyewe, akiwa mzee na mwenye maradhi ya moyo, alirekodi koncheto zote tatu London akishirikiana na okestra ya Philharmonia. Koncheto ya tatu aliitunukia Maharaja huyo. Medtner alifariki mwaka 1951. Santuri zile ndizo zilizoibeba sauti yake mpaka ikawafikia wapiga piano wa vizazi vya baadaye.

Iliyokataliwa na mwenyewe

Paul Wittgenstein, mpiga piano wa Vienna, alipoteza mkono wake wa kulia katika Vita Kuu ya Kwanza. Aliwaagiza watunzi kadhaa wamtungie kazi za mkono wa kushoto. Prokofiev alikamilisha ya kwake, yaani koncheto yake ya nne, mwaka 1931. Wittgenstein alimjibu kwamba haielewi na hataipiga. Kazi ikakaa bila kupigwa kwa miaka 25. Prokofiev alifariki mwaka 1953 bila kuisikia jukwaani. Mwaka 1956 Siegfried Rapp, Mjerumani aliyepoteza mkono wa kulia katika vita vya pili, aliipiga Berlin.

Hitimisho

Tukizipanga kazi hizi nne, tunaona sababu nne za kusahauliwa: wapokezi kutoweka, mhariri kukata, mtunzi kuhama, na mteja kukataa. Hakuna hata moja inayohusu ubora wa muziki wenyewe. Ubora hupimwa baadaye, kazi ikishasikika. Tangu mwaka 1991 kampuni ya Hyperion ya Uingereza imetoa mfululizo mrefu wa rekodi za koncheto za aina hii, zikiwemo za Medtner na za Warusi wengine, na leo nyingi husikika kwenye intaneti. Anayeanza aanze na sehemu ya pili ya Tchaikovsky, katika toleo kamili.

Kwetu sisi walimu, funzo liko wazi. Orodha ya vitabu teule hufanya kazi ile ile ya ratiba ya ukumbi wa muziki. Diwani isiyofundishwa haichapishwi upya, na isiyochapishwa upya haipati msomaji wa kuitetea. Kabla ya kumwambia mwanafunzi kwamba kitabu fulani hakisomwi kwa kuwa hakifai, tujiulize kwanza: ni nani aliyekisoma mara ya mwisho, na alikisoma katika toleo lipi?