Reli Mijini: Funzo la Bububu

Mji wo wote unaotaka kutandika reli katikati ya makazi ya watu na kando ya bahari yake hauna budi kujiuliza kwanza maswali matatu: reli hiyo ni ya nani, itapita wapi, na nani ataitunza. Historia ya Zanzibar, katika nchi jirani ya Tanzania, inaonyesha yanayoufika mji usiojiuliza maswali hayo.

Reli ya kwanza visiwani humo ilijengwa kwa amri ya Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Ilikuwa reli nyembamba, yenye urefu wa maili 7 hivi, kutoka mjini hadi kwenye jumba lake la Chukwani, kusini mwa mji. Mwanzoni mabehewa yake yalivutwa na nyumbu. Kisha, mwaka 1881, gari moshi dogo likaagizwa kutoka Uingereza. Lakini reli hiyo ilikuwa ya mtu mmoja na nyumba yake. Haikuchukua mkulima wala mzigo wa sokoni. Seyyid Barghash alipofariki mwaka 1888, nayo ikafa pamoja naye.

Reli ya pili ilikuja katika zama za himaya ya Kiingereza, iliyoanza mwaka 1890. Kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheyney na wenziwe ilipewa ruhusa, na mwaka 1905 gari moshi likaanza safari kati ya mjini na kijiji cha Bububu, mwendo wa maili 7 kuelekea kaskazini. Jina la kijiji hicho lilikuwako kabla ya reli. Yasemekana latokana na mlio wa chemchemi yake, ambayo maji yake Seyyid Barghash alikuwa ameyaleta mjini kwa mifereji. Bohari ya reli ikawekwa katika Ngome Kongwe, mbele ya bahari, mahali waliposhukia wageni wa melini.

Tofauti na ile ya Chukwani, reli ya Bububu iliwafaa watu. Wenyeji wa mashamba walipanda kwenda mjini na kurudi, na abiria wa meli walichukuliwa kutazama minazi na mikarafuu. Kosa lake lilikuwa katika njia. Mji Mkongwe ulijengwa kwa ajili ya mtu aendaye kwa miguu, na vichochoro vyake havikuachiwa nafasi ya chuma na moshi. Gari moshi lilipita karibu mno na kuta za nyumba, hata mpita njia akalazimika kujibana ukutani. Waliokaa mitaani humo hawakuwa na sauti katika uamuzi huo. Mkataba ulikuwa kati ya wenye mtaji na wenye madaraka.

Mwaka 1911 serikali iliinunua reli hiyo. Lakini barabara zilikuwa zikiongezeka, na magari ya petroli yaliweza kumfikisha mtu karibu zaidi na mlango wake. Mwaka 1922 abiria wakasimamishwa. Kwa miaka michache reli ikabaki kubeba mawe ya ujenzi wa bandari, na kufikia mwisho wa miaka ya 1920 ilikuwa imekwisha kabisa.

Jirani mwingine, Ethiopia, alilikabili jambo hilo katika karne hii. Mwaka 2015 Addis Ababa ilifungua njia mbili za reli nyepesi ya umeme, kwa mkopo mkubwa kutoka China. Maelfu ya wafanyakazi walipata usafiri wa bei nafuu. Hata hivyo, baada ya miaka michache treni nyingi zilisimama kwa ukosefu wa vipuri, ambavyo hununuliwa kwa fedha za kigeni. Tena reli iliyokatiza barabara kuu iliwafanya waendao kwa miguu wazunguke mbali kutafuta kivuko.

Mambo haya hayawahusu wahandisi peke yao. Mipango ikikosea, gharama yake humwangukia askari aliyesimama njia panda: yeye ndiye atakayewazuia watoto wasivuke relini, atakayepisha gari la zimamoto lililozuiwa, na atakayetumwa kuwatuliza wenye nyumba walioambiwa wahame bila ya kuelezwa sababu. Vivyo hivyo ufuko wa mji ni lango lake. Wazanzibari waliliona hilo tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zilipoupiga mizinga ukumbi wa kifalme ulioelekea bandarini. Lango la namna hiyo halifai kuzibwa kwa chuma pasipo kufikiri.

Reli ni neema kwa mji wenye watu wengi. Lakini neema hiyo hudumu pale tu wakaazi wanaposhauriwa kabla ya mchoro kutiwa sahihi, vivuko vinapojengwa pamoja na njia, na fedha za vipuri zinapowekwa kabla ya treni ya kwanza kuondoka. Wahenga walisema: Majuto ni mjukuu, huja baadaye.