Presha, upasuaji na foleni: Hospitali za wanajeshi wa zamani Marekani zinatufundisha nini?

Kama wewe au mzazi wako anameza dawa ya presha kila siku, sehemu ya sababu inatoka kwenye hospitali zinazotibu wanajeshi wa zamani nchini Marekani.

Serikali ya nchi hiyo inaendesha mtandao mkubwa wa afya kwa watu waliowahi kutumikia jeshi. Una hospitali zipatazo 170, vituo vidogo zaidi ya 1,000 na watu takriban milioni 9 waliojiandikisha. Utafiti wa tiba ndani ya mfumo huo ulianza mwaka 1925.

Historia yake ina mafanikio makubwa, lakini pia ina kashfa. Vyote viwili vina funzo kwa yeyote anayekwenda hospitali.

Kwa nini utafiti ufanyike huko?

Mgonjwa hutibiwa na mfumo uleule kwa miaka mingi, hivyo ni rahisi kujua dawa imemsaidia au la. Pia hospitali nyingi zinaweza kufuata utaratibu mmoja kwa wakati mmoja.

Mwaka 1946, hospitali hizo pamoja na jeshi zilianza kupima dawa za kifua kikuu, ikiwemo streptomaisini, kwa njia hiyo. Mtindo huo wa hospitali nyingi kushirikiana kwenye utafiti mmoja ukaendelea kwa magonjwa mengine.

Presha: 27 kwa 2

Hadi miaka ya 1960, madaktari wengi hawakuwa na uhakika kama kushusha presha kunaokoa maisha. Wapo walioamini mwili unahitaji presha hiyo ili damu ifike kwenye viungo, na kwamba kuishusha kungeleta madhara.

Dk Edward Freis wa hospitali ya wanajeshi wa zamani mjini Washington aliamua jambo hilo lipimwe. Walichukuliwa wanaume 143 ambao namba ya chini ya presha yao ilikuwa kati ya 115 na 129. Wagonjwa 73 walipewa dawa, na 70 wakapewa vidonge visivyo na dawa ndani yake.

Matokeo yalitolewa mwaka 1967. Kwenye kundi lisilopata dawa kulitokea madhara makubwa 27, yakiwemo vifo na viharusi. Kwenye kundi lililopata dawa yalikuwa 2 tu.

Mwaka 1970 yakatoka matokeo ya wanaume wengine 380, ambao namba yao ya chini ilikuwa kati ya 90 na 114. Nao pia walinufaika na dawa. Moja ya dawa zilizotumika, kidonge cha kupunguza maji mwilini kiitwacho haidroklorothiazaidi, bado kinatolewa hospitalini hadi leo, hata Afrika Mashariki.

Kasoro ilikuwepo: wote waliopimwa walikuwa wanaume. Swali la wanawake lilibaki kwa tafiti nyingine.

Vipimo vya damu na moyo

Kwenye hospitali ya Bronx, New York, Rosalyn Yalow na Solomon Berson walibuni njia ya kupima kiasi kidogo sana cha homoni kwenye damu, wakianza na insulini. Yalow alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Berson alikuwa amefariki mwaka 1972.

Huko Buffalo, mwaka 1960, madaktari William Chardack na Andrew Gage pamoja na injinia Wilson Greatbatch walimpandikiza mgonjwa kifaa cha betri cha kuusaidia moyo kupiga kwa mpangilio.

Upasuaji: hospitali zilipoambiwa ukweli

Miaka ya 1980, hospitali hizi zilisemwa vibaya kwamba wagonjwa wengi wanafia kwenye upasuaji. Bunge likataka zilinganishwe na hospitali nyingine, lakini kwa haki. Mzee wa miaka 75 mwenye kisukari hawezi kulinganishwa na kijana mzima.

Mwaka 1991 hospitali 44 zilianza kukusanya taarifa. Wauguzi waliofunzwa kazi hiyo waliandika hali ya mgonjwa kabla ya upasuaji na kilichompata siku 30 baadaye. Kila hospitali ikaonyeshwa inasimama wapi ikilinganishwa na wenzake, na zile zilizofanya vibaya zikasaidiwa kutafuta chanzo.

Ndani ya takriban miaka 10, vifo vya siku 30 baada ya upasuaji mkubwa vilishuka kwa asilimia 27, na matatizo mengine ya baada ya upasuaji kwa asilimia 45. Mwaka 2004, chama cha madaktari wa upasuaji cha Marekani kilianza kuupeleka mpango huo kwenye hospitali za kawaida.

Wazo jingine lilitoka kwa muuguzi wa Topeka, Kansas. Aliona wafanyakazi wa kampuni ya kukodisha magari wakiskani alama ya mistari kwenye gari, kama zile za supamaketi, akajiuliza kwa nini dawa za wagonjwa zisiskaniwe pia. Leo muuguzi anaskani utepe wa mkononi wa mgonjwa na dawa kabla ya kumpa. Zisipolingana, kompyuta inamwonya.

Phoenix 2014: namba zilipochezewa

Mwaka 2014 ikabainika kuwa mambo hayakuwa sawa huko Phoenix, Arizona. Lengo lilikuwa mgonjwa aonwe ndani ya siku 14, na wakubwa walipimwa utendaji wao kwa lengo hilo.

Wakaguzi walichunguza wagonjwa 226. Kwenye taarifa rasmi, walisubiri wastani wa siku 24 kuonana na daktari kwa mara ya kwanza. Ukweli ulikuwa siku 115. Wengine wapatao 1,700 hawakuwa hata kwenye orodha rasmi ya kusubiri.

Wapo waliofariki wakiwa bado wanasubiri. Wakaguzi hawakuweza kuthibitisha kuwa ucheleweshaji ndio uliowaua. Waziri husika, Eric Shinseki, alijiuzulu Mei 30, 2014. Agosti mwaka huo ikapitishwa sheria ya kuwaruhusu waliosubiri zaidi ya siku 30, au wanaoishi zaidi ya kilomita 64 kutoka kituo, watibiwe hospitali binafsi kwa gharama ya serikali.

Tofauti iko wapi?

Kwenye upasuaji, namba zilikusanywa na wauguzi waliopewa kazi hiyo, na lengo lilikuwa kutafuta tatizo. Phoenix, namba ziliandaliwa na walewale waliokuwa wakipimwa kwa namba hizo. Mfumo ni uleule, lakini upande mmoja vifo vilipungua na upande mwingine wagonjwa walipotea kwenye foleni.

Kwa hiyo ukisikia hospitali au wizara inatangaza kuwa huduma imeboreka, uliza maswali mawili: nani alihesabu, na mgonjwa mwenyewe anasema alisubiri siku ngapi?