Mwindo: kwa nini hadithi haikuisha Tubondo

Wandugu, kila tukianza kuzungumza juu ya maadili na fasihi, kuna mtu atatuletea Mwindo wa Wanyanga. Na karibu kila mara analeta mwisho tu: zile amri Mwindo alizowapa watu wake, kwamba walime vyakula vingi, wasigombane, wasifuate mke wa mtu, wasimcheke kilema. Tunazisoma kama katiba. Mimi naona amri zile ndizo sehemu nyepesi kuliko zote. Maadili ya Mwindo yako mu namna inavyoimbwa.

Tukumbuke kwanza ilivyofika kwetu kwa maandishi. Mwaka 1956, kule Walikale, muzee Shé-Karisi Candi Rureke aliisimulia na kuiimba kwa siku 12 mbele ya Mbelgiji Daniel Biebuyck na wenzake. Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe, akashirikiana na Biebuyck katika kuitafsiri, kitabu kikatoka 1969. Utungo wa namna hii Wanyanga wanauita karisi, na hilo ni jina la roho pia. Kwa hiyo fundi hasimulii tu kwa kupenda; ameitwa.

Sasa angalia karisi inavyofanya kazi. Fundi anasimulia, halafu anaimba, anacheza, anatikisa kibuyu cha njuga, mkononi ameshika conga, ile fimbo ya Mwindo yenye nguvu. Vijana wanapiga vijiti juu ya mwanzi mkavu. Fundi akinyamaza kidogo, watu wanarudia maneno yake, na wimbo ukifika wanaitikia. Hakuna anayekaa kimya kama sisi mu oditoriumu.

Na wanaitikia nini? Majivuno. Shemwindo, mkubwa wa Tubondo, amekataza wake zake wasimzalie mtoto wa kiume. Mwindo anazaliwa tayari anatembea, ndiyo maana anaitwa Kabutwa-kenda. Baba anamtupia mkuki, anamzika, anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Ni nani hatakuwa upande wa mtoto huyo? Anakwenda kwa shangazi yake Iyangura, anakwenda kwa wajomba, anarudi kulipiza. Anaimba kwamba hakuna wa kumweza, na wewe unaimba naye. Tubondo inateketea kwa radi ya Nkuba, rafiki yake, na wewe bado unaitikia. Baba anakimbilia chini ya ardhi, mtoto anamfuata mpaka anamkamata na kumrudisha. Waliokufa wanafufuliwa, baba anakiri kosa lake mbele ya watu, utawala unagawanywa.

Filamu ingeishia hapo. Muzee Rureke hakuishia hapo. Siku moja Mwindo anashikwa na hamu ya nyama ya nguruwe pori. Hamu tu! Anatuma Wambuti wake porini, joka Kirimu linawameza, Mwindo anakwenda na kuliua. Ushindi mwingine, kama tulivyozoea. Lakini joka lilikuwa limechanja damu na Nkuba. Radi ile iliyomsaidia Tubondo inashuka, inambeba juu. Huko mvua, mwezi, jua na nyota vinamtesa, na anaambiwa wazi kwamba kiburi chake kimepita kipimo.

Aliyesikiliza tangu siku ya kwanza hawezi kusema «yeye alikosa». Kiburi kile alikiitikia kwa sauti yake mwenyewe. Mahubiri hayawezi kukufanyia hivyo, juu mu mahubiri wewe unakaa upande wa mwenye haki tangu mwanzo.

Jambo hili si la Wanyanga peke yao. Waingereza wana shairi la mwisho wa karne ya 14, Sir Gawain and the Green Knight. Gawain, shujaa wa mfalme Arthur, anaficha mshipi aliopewa ili asife. Akigunduliwa anaona haya kubwa. Wenzake wanacheka, wote wanavaa mshipi kama wake. Shairi linamwachia msomaji aamue: acheke nao, au aone haya naye? Mtunzi hakuandika amri hata moja. Kwa upande huo naona Rureke amemzidi: yeye alikuwa na wasikilizaji wenyewe mdomoni mwake.

Hapa Lac Vert tunaishi na watu waliofukuzwa Masisi na Walikale na watu wenye nguvu, na kila mmoja wa hao wenye nguvu anajiimba kuwa mtoto aliyeonewa. Mara nyingine ni kweli alionewa. Watoto wetu nao wanasimuliwa Mwindo kwa Kiswahili, dakika kumi jioni, na simulizi inakatwa pale Tubondo inapoungua. Wanapiga makofi, wanaenda kulala. Ile ya mbinguni wanasema ni ndefu.

Mwenye babu au nyanya anayejua bado kuimba karisi Kinyanga, amrekodi mpaka mwisho, hata kama ni siku 12. Na simu usiibandike mdomoni mwa muzee. Iweke katikati ya nyumba, sauti za wanaoitikia nazo ziingie.