Mkanda Usioona Wekundu

Picha ya harusi ya bibi yangu haikuwahi kutundikwa ukutani. Ilikaa chini ya kasha, imeviringishwa kwenye kanga kuukuu, na kila alipoulizwa jibu lake lilikuwa hilohilo: "Yule si mimi. Shemeji yangu alinipaka masizi."

Ilipigwa Tanga mwaka 1951. Shemeji huyo, ambaye sisi tulimwita babu mdogo, alikuwa karani kwenye shamba la katani na mwenye kamera ya Brownie, ile ya sanduku. Pichani bibi amejifunga kisutu. Uso umekoza kama sufuria ya kuni, midomo kama ya mtoto aliyetoka kula zambarau, na maua ya kisutu hayaonekani, yamemezwa na giza. Nyuma yake mbingu ni nyeupe kama sanda, ingawa kivuli chake chini kinaonyesha jua lilikuwa kali. Ukoo mzima ulimsema babu mdogo kuwa hajui kupiga picha, naye akafa na lawama hiyo.

Mimi nilianza kumtetea siku niliyofungua kikasha chake cha manjano alichowekea sindano na vifungo. Kilikuwa kikasha cha mkanda, kimeandikwa Verichrome.

Chumvi za fedha zinazonasa mwanga kwenye mkanda wa picha, kwa maumbile yake, huona buluu na urujuani tu. Mwaka 1873, huko Berlin, Hermann Wilhelm Vogel aligundua kuwa zikitiwa rangi fulani, zinaanza kuona na kijani. Mikanda ya namna hiyo ikaitwa othokromatiki, jina la asili ya Kigiriki lenye maana ya rangi iliyo sahihi. Jina lilikuwa kubwa kuliko uwezo, maana nyekundu bado ilikuwa giza tupu kwao. Mwaka 1906 kampuni ya Wratten & Wainwright ya Croydon, Uingereza, ilianza kuuza sahani za kioo zilizoona rangi zote. Lakini mkanda usioona wekundu haukufa, kwani fundi aliweza kuusafisha chini ya taa nyekundu huku akiitazama picha inavyojitokeza. Kodak ilitoa Verichrome mwaka 1931, na ni mwaka 1956 tu ndipo ilipoubadilisha kwa Verichrome Pan, unaoona rangi zote. Kwa hiyo harusi ya bibi iliangukia ndani ya robo karne ya upofu.

Sasa itazame ngozi yetu. Ngozi ya kahawia hurudisha wekundu mwingi na buluu kidogo. Mkanda usioupokea wekundu huo unaiandika ngozi kuwa nyeusi kuliko ilivyo. Mzungu alikolezwa midomo na madoadoa ya usoni. Sisi tulikolezwa uso mzima. Na kisutu, chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, kikabakiwa na rangi mbili.

Nilitaka kuyaona hayo kwa macho yangu. Mwaka 2019 kampuni ya Ilford ilitoa Ortho Plus, usioona wekundu, katika mkanda mpana wa 120, ukubwa uleule ulioanza na Brownie mwaka 1901. Niliutia kwenye kamera yangu ya Yashica Mat, picha 12 kwa mkanda. Ni mkanda mzito wa kuamka: kasi yake ya kunasa mwanga ni ISO 80 mchana, na hushuka hadi 40 chini ya taa ya balbu, kwa kuwa mwanga wa balbu umejaa wekundu.

Somo hilo nililipia. Nilimkalisha shangazi barazani, kajifunga kisutu cha mama yake, jua likielekea kuzama na kila kitu kimegeuka dhahabu. Mkanda uliposafishwa ulikuwa kama kioo cha dirisha. Mwanga wa jioni ni mwekundu, na mkanda ulikuwa umelala usingizi.

Tulirudia saa nne asubuhi, kivulini, penye mwanga wa buluu utokao mbinguni. Niliweka kamera juu ya miguu mitatu, nikafungua lenzi hadi f/5.6 kwa 1/60 ya sekunde, nikamwomba shangazi asitikisike. Kisha nikapiga mkanda mwingine, unaoona rangi zote, bila yeye kusogea.

Usiku nikauvuta mkanda wa Ortho Plus wa asubuhi kwenye beseni, huku na huku kama mtu anayesuuza leso, taa nyekundu ikiwaka. Kidogo kidogo mbingu ikajitokeza nyeusi, maana kwenye mkanda mambo huwa kinyume, na uso wa shangazi ukabaki mwangavu, karibu mtupu. Nikajua karatasi itasema nini.

Nilimpelekea picha zote mbili. Ile ya rangi zote aliiangalia, akasema, "Nimezeeka." Ile nyingine aliishika kwa mikono miwili: uso umekoza, midomo imekoza, kisutu kimemeza maua yake. Akaenda kulifungua kasha, akaileta picha ya 1951, akaziweka pamoja kwenye mkeka.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Marehemu tulimsema bure."

Picha ya bibi sasa iko ukutani.