Miradi mingi, ufunguo hauna mwenyewe: historia fupi ya usalama wa mitandao ya serikali yetu

Uzi mrefu, shika chai.

Kila tovuti ya serikali ikidukuliwa, hapa mtandaoni huwa tunaimba wimbo uleule. Upande mmoja: "serikali imelala." Upande mwingine: "ni mahasidi wa maendeleo." Siku ya tatu kunaitishwa kikao na wanahabari, mradi mpya unatangazwa, na wote tunahamia stori nyingine. Mimi nasoma sayansi ya siasa, kompyuta najua ya kuandikia tu. Lakini likizo hii nimesoma sana juu ya jambo hili, na nimegundua tunabishana mahali pasipofaa. Sitataja chama wala mwanasiasa, na hutanikosea nikisema haisaidii kumtaja, kwa sababu hadithi hii imepita mikononi mwa zaidi ya utawala mmoja.

Tuanze 2004. Mwaka huo ndio serikali iliandika mkakati wake wa kwanza wa serikali-mtandao na kuunda kurugenzi ya kuusimamia. Lengo lilikuwa kuunganisha: wizara zipate tovuti, ofisi zipate kompyuta, barua zipite kwa baruapepe. Halafu ikaja nyaya. TEAMS ilifika Mombasa 2009 na nyaya za NOFBI zikatandazwa hadi mashinani. Watu walifurahi, na walikuwa na haki. Ila angalia ni nini kilichokuwa kikihesabiwa: kilomita, ofisi zilizounganishwa, tovuti zilizozinduliwa. Hakuna mtu hukata utepe kwa sababu jambo baya halikutokea.

Januari 2012 bili ikaja. Mdukuzi kutoka Indonesia, aliyejiita direxer, aliharibu sura ya tovuti zaidi ya 100 za serikali ya Kenya kwa mpigo mmoja. Zaidi ya mia moja! Wizara, idara, mabaraza ya miji. Hakuiba hela, aliacha tu alama kuonyesha amepita. Wengi tulicheka (mimi nilikuwa shule ya msingi, nilicheka kwa sababu wakubwa walicheka). Lakini kama mtu mmoja anaweza kuingia nyumba mia kwa usiku mmoja, shida si kufuli ya nyumba moja, ni ya plot nzima.

Jibu la serikali halikuwa bure, tuwe wakweli. Agosti 2013 mashirika matatu, yaani Kenya ICT Board, kurugenzi ya serikali-mtandao na idara ya huduma za kompyuta za serikali, yaliunganishwa kuwa ICT Authority. 2014 tukapata mkakati wa kitaifa wa usalama wa mtandao. Mdhibiti wa mawasiliano naye akawa na kituo cha kupokea na kushughulikia visa vya mashambulizi, kile kinachoitwa KE-CIRT. Mwaka uohuo wa 2014 eCitizen ikazaliwa.

Mwaka uohuo pia, Julai, akaunti ya Twitter ya jeshi letu ikachukuliwa na watu waliojitambulisha kuwa Anonymous. Jeshi! 2015 sakata ya NYS ikaibuka, na katikati yake kulikuwa na madai kwamba paswadi za maafisa zilitumika kupitisha malipo kwenye IFMIS bila wao kujua. 2016 stakabadhi za Wizara ya Mambo ya Nje zikamwagwa mtandaoni. Machi 2017 mtu mmoja akafikishwa kortini Nairobi kwa madai ya kuingilia mifumo ya mamlaka ya ushuru na kusababisha hasara ya karibu shilingi bilioni 4, alikana. (Na ile "fungua seva" ya 2017, iliyofika hadi Mahakama ya Juu? Hiyo ina uzi wake, msinianzishe.)

Sasa tazama visa hivyo tena. Akaunti ya mtandao wa kijamii, paswadi ya ofisini, seva ya baruapepe, mfumo wa ushuru. Vinne tofauti, taasisi nne tofauti, na kila taasisi ikijitafutia dawa yake kivyake. Huyu ananunua programu ya kuzuia virusi, yule anaandika zabuni ya ukuta wa moto, mwingine analeta mshauri wa kuwafunza watu siku tatu hotelini Naivasha. Kila mradi ukiusoma peke yake unaonekana wa maana. Ukiuliza nani ameketi na orodha yote mezani, anayeweza kusema "huu uanze kwanza, huu usubiri, huu tuufunge umeshindwa", hapo ndipo kunakuwa kimya.

Hiyo kazi ya kuketi na orodha yote ndiyo uzi huu unahusu. Mradi mmoja una meneja wake. Kapu la miradi ni kitu kingine. Anayesimamia kapu haulizi tu "mradi umeisha?", anauliza "hatari gani imepungua?" Anajua kwamba huwezi kuweka ulinzi kwenye mashine ambazo hata hujazihesabu, kwa hivyo sensa ya vifaa inatangulia. Anajua leseni ya programu inaisha mwaka wa pili na pesa ya mfadhili inaisha wa kwanza. Na ana mamlaka ya kusimamisha kitu, jambo ambalo katika siasa zetu ni gumu kuliko kuanzisha kumi.

Nilifanya mafunzo kazini miezi mitatu kwenye ofisi moja ya umma, sitaitaja. Siku ya kwanza nikaona karatasi ya manjano imebandikwa kwenye kompyuta ya karani mmoja, mama wa miaka hamsini na kitu, mchapakazi kweli. Majina na paswadi za mifumo mitatu. Nikanyoosha mkono niitoe, nikidhani nasaidia.

"Kijana wangu, wacha hiyo karatasi," akaniambia. "Hiyo ndiyo ofisi yenyewe."

Nikamuuliza, "Mama, kwani si kuna njia ya kuingia mara moja kwa mifumo yote?"

Akacheka. Ilikuwepo. Mradi ulizinduliwa, watu wakapigwa picha, wakafunzwa. Kisha mkataba wa mkandarasi ukaisha, hakuna aliyekuwa na bajeti ya kuuendeleza, na kila mfumo ukarudi na paswadi yake, kila moja ikitaka kubadilishwa kwa siku zake. Ukiuliza makaratasi, ule mradi ulikamilika asilimia mia. Ukimuuliza yule mama, ulimwachia karatasi ya manjano.

Turudi kwa historia. 2018 tukapata Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao. Mnakumbuka tulipigania nini: vifungu vya habari za uongo. Wanablogu walienda kortini, na mwezi uohuo wa Mei Mahakama Kuu ikasimamisha vifungu 26. Februari 2020 mahakama ikaamua sheria ni halali. Vita hiyo ilikuwa ya haki kwa maoni yangu, maana watu walikuwa wanaweza kukamatwa kwa posti. Na haijaisha, Oktoba 2025 marekebisho yalitiwa saini na siku chache baadaye korti ikasimamisha baadhi ya vifungu.

Lakini ndani ya sheria hiyohiyo kulikuwa na sehemu ambayo karibu hakuna aliyeisoma. Iliunda kamati ya kitaifa ya uratibu, NC4, yenye wawakilishi wa usalama, jeshi, polisi, ujasusi, benki kuu, mdhibiti wa mawasiliano, mwanasheria mkuu na wengine. Ikazungumzia pia miundombinu muhimu ya habari, yaani mifumo ambayo ikianguka nchi inasimama, na wajibu wa wanaoimiliki. Hii ndiyo ilikuwa nafasi ya kupata mtu wa kushika kapu. Kanuni za kuitekeleza sehemu hiyo zilikuja 2024. Miaka sita! Vifungu vya kumkamata mtu kwa maneno yake vilipata mawakili wa pande zote mbili. Vya kulinda seva vilikosa hata wa kuvikumbusha.

Katikati ya miaka hiyo sita likaja lile kubwa. 30 Juni 2023 serikali ilitangaza kwa shangwe kuwa huduma zaidi ya 5,000 sasa ziko eCitizen. 27 Julai, siku 27 baadaye, eCitizen ikapigwa. Kundi lililojiita Anonymous Sudan likadai ndilo. Mbinu yenyewe haikuwa uchawi: ni kuifurisha seva kwa maombi bandia mpaka wenye shida za kweli wakose nafasi. Tiketi za treni zikagoma, tokeni za stima zikasumbua, M-Pesa ikayumba, wasafiri wakaruhusiwa kuchukua visa wakifika. Wizara ilikiri shambulio na kusema hakuna data iliyopotea. Oktoba 2024 Marekani ikatangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili Wasudani kwa madai ya kuliendesha kundi hilo.

Mjadala wetu? "Wameficha kitu" dhidi ya "si imerudi, mnataka nini." Mimi swali langu ni la kimeneja tu. Mradi wa kuhamisha huduma 5,000 kwenye mlango mmoja na mradi wa kuuimarisha mlango huo, je, vilikuwa kwenye ukurasa mmoja? Ukiweka watu wote wapite mlango mmoja, umebadilisha hatari ya nchi nzima, hata kama kila huduma peke yake haijabadilika. Hakuna mradi mmoja unaoweza kuona hilo. Linaonekana tu ukitazama kapu.

Kuna watakaosema hii ni shida ya Afrika. Hapana, tulieni. Uingereza mwaka wa 2016 ilianza programu ya kitaifa ya usalama wa mtandao ya pauni bilioni 1.3. Ofisi yao ya ukaguzi ilipoiangalia Machi 2019 ilikuta bajeti ilipangwa kabla hata ya kuandikwa hoja kamili ya kwa nini pesa ni hizo. Pauni milioni 169, zaidi ya theluthi ya pesa za miaka miwili ya kwanza, zilikuwa zimehamishwa au kukopeshwa kazi nyingine za usalama. Na kati ya malengo 12, ni moja tu ambalo wasimamizi walikuwa na imani kubwa na ushahidi wake. Kabla ya hapo, Mei 2017, virusi vya WannaCry viliathiri angalau mashirika 81 kati ya 236 ya hospitali za umma za England. Onyo la kuweka viraka kwenye mifumo lilikuwa limetumwa. Wizara haikuwa na utaratibu rasmi wa kujua nani ametii.

Tofauti ni moja, na ndiyo inaniuma: haya yote nimeyasoma bure, kwa sababu wenzetu walikuwa na kapu lenye jina na mwenyewe, kwa hivyo mkaguzi alikuwa na kitu cha kukagua. Walikagua tena, na ripoti ya Januari 2025 ikasema mifumo 58 muhimu iliyopimwa ilikuwa na mapengo makubwa. Aibu, ndiyo. Lakini ni aibu yenye namba unayoweza kuirudia mwaka ujao uone kama imeshuka.

Sisi namba tunazopata ni gani? KE-CIRT hutoa ripoti kila robo mwaka. Januari hadi Machi 2025 walinasa matukio ya tishio zaidi ya bilioni 2.5, kutoka takriban milioni 840 robo iliyotangulia. Vichwa vya habari vikapiga kelele. Namba hiyo ni kama kuhesabu watu waliogusa kitasa cha mlango wako. Ni vizuri kujua, lakini haikuambii ni milango mingapi ilikuwa wazi jana na leo imefungwa. Na Novemba 2025 tukaamka tukapata tovuti za wizara kadhaa zimeharibiwa sura tena, safari hii kwa maandishi ya ubaguzi wa rangi. Ni miaka 13 tangu direxer.

Bajeti inakuja, na kuna wiki za wananchi kutoa maoni. Nimeandika ukurasa mmoja wa kupeleka bungeni. Naomba orodha moja ya miradi yote ya usalama wa mtandao ya serikali kuu, kila mmoja ukiwa na ofisi inayoumiliki, tarehe ya kuisha, na nani analipa baada ya uzinduzi. Siombi siri za kiufundi, maana orodha ya mashimo hutaichapisha, hilo naelewa. Kaunti 47 zina miradi yao na huko sijagusa. Ukiwa umesoma ripoti ya Mkaguzi Mkuu ya kaunti yako, nitumie kurasa zinazohusu mifumo ya kompyuta, inbox iko wazi. Kisumu na Kilifi tayari kuna watu wameanza kunitumia. Zilizobaki ni 45.