Kilemba

Wasomaji wakikutana kujadili *Girl with a Pearl Earring*, riwaya ya Tracy Chevalier ya mwaka 1999, mazungumzo huanzia kwenye hereni. Mimi ningeanzia kichwani. Mchoro wa Johannes Vermeer uliozaa riwaya hiyo, wa mnamo 1665, uliwahi kuitwa kwa kilemba cha msichana yule, na buluu yake ilitokana na lapisi lazuli, jiwe ghali lililosagwa kwa mkono.

Kwetu kilemba ni nguo, na ni pia ada anayopewa fundi mwanagenzi wake anapohitimu. Griet wa riwayani ni mtumishi aliyebuniwa na mwandishi, kwani msichana halisi hajulikani. Anasagia rangi darini, kwa siri. Kisha anachorwa. Je, amepewa heshima, au amevikwa kilemba cha ukoka?

Ningelisukuma swali hilo mbele ya kundi lolote. Kuna mahali Griet anasogeza kitambaa mezani, na Vermeer anakiri kwamba amejifunza kitu kwa mtumishi wake. Kwa desturi yetu ya ufundi, hapo bwana ndiye mwenye deni la kilemba, na hakulilipa.