Kasoro za risasi: za kiwandani na za kujazwa kwa mkono

Risasi moja ya bunduki ni mkusanyiko wa vitu vinne: ganda la shaba nyeupe, fataki inayogongwa ili kuwasha moto, baruti, na kile kipande cha madini kinachoruka. Kiswahili hukiita kipande hicho risasi vilevile, basi hapa tutakiita kichwa ili kuondoa utata. Hitilafu katika kimojawapo huweza kumpotezea mlenga shabaha jicho au vidole.

Wapo wanaoamini kwamba kilichotoka kiwandani hakina dosari. Nchini Marekani, ambako raia wengi hujaza risasi zao nyumbani kwa kutumia maganda yaliyokwisha kufyatuliwa, imani hiyo ilitiwa doa zamani. Mnamo 1921, kiwanda cha serikali cha Frankford Arsenal, Philadelphia, kilitengeneza risasi za mashindano ya kitaifa ya shabaha huko Camp Perry, Ohio. Vichwa vya wakati huo vilivikwa mchanganyiko wa shaba na nikeli, nao uliacha utando mgumu ndani ya mtutu. Mafundi wakavipaka bati ili kuondoa adha hiyo. Lengo lilitimia, ila bati likashikamana na shingo ya ganda mithili ya kitu kilicholehemiwa, kichwa kikawa kigumu kuachia.

Isitoshe, baadhi ya washindani walikuwa na mazoea ya kupaka vichwa grisi. Grisi hiyo ilijaza nafasi finyu ambamo shingo ya ganda hutanuka ili kukiachia kichwa. Shinikizo la gesi likapanda kupita kiasi, na bunduki kadhaa zikaharibika. Julian Hatcher, afisa wa silaha katika jeshi la Marekani, alikieleza kisa hicho katika kitabu chake Hatcher's Notebook cha 1947. Bati peke yake au grisi peke yake, pengine isingaliwatisha watu kiasi hicho.

Kosa la kiwanda aghalabu ni nadra, lakini likitokea hurudiwa katika maelfu ya risasi kabla ya kugunduliwa. Ndiyo maana pakiti huandikwa nambari ya mkupuo, ili mkupuo wenye kasoro urejeshwe wote. Anayemimina risasi zake katika mkebe mmoja na kuitupa pakiti amejinyima kinga hiyo.

Fataki huweza kupachikwa kichwa chini, au ganda likakosa kitundu cha kupitishia moto. Hizo hazilipuki, na hasara yake ni ndogo. Hatari zaidi ni ganda lililokosa baruti. Fataki peke yake ina nguvu za kukisukuma kichwa hadi katikati ya mtutu, kikakwama humo. Mlengaji husikia mlio hafifu na teke dogo begani. Akifyatua ya pili bila kukagua, mtutu huweza kupasuka.

Anayejaza kwa mkono hupima baruti kwa mizani na kukagua kila ganda kwa macho yake, jambo ambalo mashine ya kasi hailifanyi kwa namna hiyo. Hata hivyo, hana mkaguzi wa pili wala chombo cha kupimia shinikizo. Baruti isiyotoa moshi huchukua nafasi ndogo katika maganda mengi ya bastola, hivi kwamba kipimo kikimiminwa mara mbili huenea bila kumwagika. Simu ikilia katikati ya kazi, kosa hilo ni jepesi kufanyika. Wazoefu hupanga maganda yote kwenye kibao na kuyamulika kwa tochi kabla ya kukaza kichwa chochote.

Risasi isipolipuka, iwe ya kiwandani au ya nyumbani, mtutu uendelee kuelekezwa penye usalama kwa angalau sekunde 30, kwani fataki huweza kuchelewa kuwaka. Mlio ukiwa hafifu, bunduki ifunguliwe, itolewe risasi zote, kisha mtutu upitishwe ufito kuhakikisha uko wazi.